Ada Hailei Mtoto

Mzazi wa Mwanza mwenye uwezo ana maswali yake anapotafuta shule ya mtoto wa miaka mitatu au minne. Anauliza ada ni kiasi gani na inalipwa kwa mikupuo mingapi. Anauliza basi linafika Nyegezi au linaishia Mkuyuni, na mtoto ataanza kuongea Kiingereza baada ya muda gani. Ni mara chache sana nimesikia mzazi akiuliza mtoto atafundishwa nini hasa, na kwa nini afundishwe hicho katika umri huo. Swali hilo lina uzito kuliko yale mengine yote, kwa sababu jibu lake linamrudia mzazi mwenyewe. Sehemu kubwa ya yale ambayo mitaala ya kimataifa inataka mtoto mdogo apewe ni kazi aliyokuwa nayo mzazi kabla ya shule yoyote kujengwa.

Nachukua mfano wa mtaala wa Uingereza, kwa kuwa una historia ndefu hapa kwetu. Shule ya Kimataifa ya Isamilo, kwenye mtaa wa vilima unaoitwa hivyo hivyo, ilianzishwa mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika, na ni ya Dayosisi ya Victoria Nyanza ya Kanisa Anglikana. Tangu wakati huo mji umetanuka hadi Buhongwa na Buswelu, na shule za mchepuo wa Kiingereza zimeenea pamoja nao. Nyingi zinafuata mtaala wa Tanzania kwa Kiingereza, chache zinafuata wa Uingereza, na zipo zinazochukua vitabu vya huku na mbinu za kule. Mzazi anayepeleka mtoto katika yoyote kati ya hizo anapaswa kujua anachokichukua.

Kwa England, mtoto tangu kuzaliwa hadi kutimiza miaka mitano yuko chini ya mwongozo mmoja wa kisheria, ulioanza kutumika mwaka 2008. Mwongozo huo una maeneo saba ya kujifunza, na mpangilio wake unasema mengi. Matatu yamewekwa kuwa msingi wa yote: mawasiliano na lugha; ukuaji wa mwili; na ukuaji wa nafsi, hisia na mahusiano ya mtoto na wenzake. Baada ya hayo ndipo yanakuja manne mengine, yaani kusoma na kuandika, hisabati, kuielewa dunia, na sanaa. Kusoma na kuandika hakumo katika yale matatu ya kwanza. Wataalamu walioandika mwongozo huo walijua kwamba mtoto asiyezungumziwa hataelewa anachosoma, na mtoto ambaye vidole vyake havijapata nguvu kwa kufinyanga, kumimina, kukwea na kukata hataishika kalamu vizuri. Hata mifupa midogo ya kiganja cha mtoto wa miaka mitatu bado haijakamilika. Kumlazimisha ajaze mistari ya herufi daftari zima ni kuudai mwili kitu ambacho bado hauna.

Na bado ndicho tunachokidai. Wazazi wengi wa mji huu hupima shule ya chekechea kwa unene wa daftari. Mtoto akirudi na mikono yenye udongo wa mfinyanzi na daftari tupu, mzazi anapiga simu shuleni. Akirudi na kurasa kumi za a, b, c, mzazi anaridhika, ingawa pengine nusu ya herufi hizo mwalimu alimshika mkono kuziandika. Kuna tuisheni za watoto wa miaka mitano siku ya Jumamosi. Kuna mahafali ya awali yenye majoho na kofia, ambayo kwa baadhi ya familia hugharimu zaidi ya vitabu vya mwaka mzima. Sisemi furaha ya mtoto isisherehekewe. Nasema shule inayojua kazi yake inabanwa na wazazi mpaka inaacha kufanya inachojua ni sahihi, na anayebeba hasara ni mtoto.

Asidhani mtu kwamba hekima ya kumfundisha mtoto kwa michezo ni ya Wazungu na ya wenye pesa. Mtaala mpya wa Tanzania ulioanza kutumika Januari 2024, baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 kufanyiwa marekebisho mwaka 2023, unamtaka mwalimu wa awali afundishe kwa michezo, nyimbo, hadithi na vitu vinavyopatikana katika mazingira. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali. Shida yetu katika shule za umma za wilaya za Nyamagana na Ilemela ni kwamba darasa lililopangiwa watoto 25 huwa na watoto mara mbili au tatu ya hao, na mwalimu ni yule yule mmoja. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, watoto waliofika shuleni ni wengi kuliko madarasa na walimu waliokuwa wakiwasubiri. Hapo tofauti ya mtoto wa shule ya kimataifa na mtoto wa shule ya umma ya Igogo inaonekana wazi. Maarifa yaliyomo katika mitaala yao yanafanana sana. Mmoja ana mtu mzima anayepata nafasi ya kumsikiliza, na mwenzake hana.

Kumsikiliza mtoto ndiko kiini cha suala lote. Miongoni mwa malengo ambayo mwongozo wa England unataka mtoto ayafikie kufikia miaka mitano ni uwezo wa kuendesha mazungumzo ya kupokezana na mwalimu na wenzake: anasema, anajibiwa, anauliza, anasikiliza, anaendelea. Lengo hilo halifikiwi darasani peke yake. Mtoto yuko shuleni saa chache za siku, na saa nyingi zaidi yuko nyumbani.

Tuseme ukweli kuhusu nani anayezungumza na mtoto nyumbani. Baba ametoka alfajiri kwenda dukani Makoroboi, au anafanya kazi migodini Geita na anarudi mwisho wa wiki. Mama yuko benki, au yuko zamu hospitali ya Bugando, au yuko Mwaloni Kirumba kwenye biashara ya dagaa, na akirudi giza limeshaingia. Mtoto akishuka kwenye basi la shule mchana anapokewa na dada wa kazi. Dada huyu mara nyingi ametoka Magu, Misungwi, Sengerema au Ukerewe. Amemaliza darasa la saba, au aliishia njiani, na mara nyingi yeye mwenyewe ni binti mdogo ambaye bado anahitaji mtu wa kumlea. Kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku, mwalimu wa mtoto wako ni yeye.

Sasa fikiria amri anazopewa. Katika nyumba nyingi dada amekatazwa kuongea Kisukuma na mtoto, na katika nyumba nyingine amekatazwa hata Kiswahili, eti ataharibu Kiingereza ambacho ada imelipiwa. Kiingereza chenyewe dada hakijui. Kwa hiyo anafanya jambo pekee lililobaki: anawasha televisheni, anaweka katuni, ananyamaza. Mtoto anakaa mbele ya kioo saa tano, anasikia sauti isiyomsikia, anauliza swali na halijibiwi. Eneo la kwanza kabisa la mtaala, mawasiliano na lugha, linapotea kila siku ya kazi ndani ya nyumba ya mtu aliyelipa mamilioni ili mtoto alipate.

Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba mtaala wenyewe haukututuma tufanye hivyo. Mwongozo wa England unazitaka shule zenye watoto ambao lugha yao ya nyumbani si Kiingereza kuchukua hatua za kuwawezesha watoto hao kuitumia na kuikuza lugha yao katika kucheza na kujifunza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 29 kwamba elimu imjenge mtoto kuwaheshimu wazazi wake, utamaduni wake na lugha yake. Wenye mtaala wanaheshimu lugha ya nyumba yetu, na sisi wenye nyumba tunaipiga marufuku. Matokeo yake tunayaona sikukuu zinapofika. Bibi anakuja kutoka kijijini, mjukuu anakaa pembeni yake kwa sababu hawana maneno ya kubadilishana, na kila mtu sebuleni anajifanya haoni.

Mimi nadhani mzazi anayeipiga marufuku lugha ya nyumbani anampenda mtoto wake sana. Anaogopa asije akapata tabu kama aliyoipata yeye alipofika kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza kwa siku moja. Hofu hiyo ina sababu, na ndiyo inayojaza shule hizi. Lakini dawa anayoitumia inazidisha ugonjwa. Mtoto mwenye lugha moja iliyokomaa, anayeweza kueleza kwa nini amelia, kusimulia alichokiona Kirumba, kubisha kwa hoja na kuomba radhi, hubeba uwezo huo wote akiingia katika lugha ya pili. Mtoto mwenye nusu lugha mbili ana kazi ngumu zaidi, na anaianza akiwa peke yake.

Kiswahili pia kina zawadi ambayo mzazi wa shule ya kimataifa hapaswi kuitupa. Maandishi yake hayamdanganyi mtoto. Irabu ni tano, na kila irabu inatamkwa vile vile popote ilipo. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, anasoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakiko hivyo. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha watoto wa nchi nyingi za Ulaya, ulionyesha kwamba watoto wanaoanza kusoma kwa Kiingereza huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda kuufikia msingi ambao wenzao wa lugha zenye maandishi ya wazi huufikia mapema. Ndiyo maana England ina jaribio maalumu la kutambua sauti za herufi, ambalo watoto wa miaka mitano na sita hulifanya tangu mwaka 2012. Mzazi anayemfundisha mtoto kusoma hadithi fupi za Kiswahili jioni, huku shule ikiendelea na Kiingereza asubuhi, anampa ladha ya kufaulu kusoma wakati safari ya Kiingereza bado ni ndefu. Gharama yake ni kitabu cha shilingi elfu chache na nusu saa ya jioni.

Kuna upande mwingine ambao mzazi hawezi kumwachia mwalimu, nao ni mahali alipo mtoto. Kila mtaala umeandikwa na watu wanaoishi mahali fulani, na unabeba mahali hapo ndani yake. Sayansi ya mwaka wa kwanza katika mtaala wa taifa wa England inamtaka mtoto achunguze majira manne na aone jinsi urefu wa mchana unavyobadilika. Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta. Mchana wa Juni na mchana wa Desemba vinatofautiana kwa kiasi kidogo tu. Hapa mwaka wa mtoto una vuli, masika na kiangazi. Una pepo za ziwa, una msimu wa dagaa na siku za mwezi mpevu ambazo wavuvi hawaendi kwenye dagaa kwa sababu taa zao hazifai kitu. Mwalimu mzuri, awe Mtanzania au mgeni, atalichukua lengo la somo, yaani mtoto ajifunze kutazama mabadiliko ya maumbile na kuyaandika, kisha atamtoa nje akapime mvua inayonyesha. Mwalimu aliyechoka atagawa picha ya theluji na penseli za rangi.

Historia ndiyo inayonisumbua zaidi. Kwa watoto wa miaka mitano hadi saba, mfano mmoja wa tukio la kale ambao mtaala wa England unautaja ni moto mkubwa wa London wa mwaka 1666. Baadaye, kati ya miaka saba na kumi na mmoja, wanasoma Waroma walivyoingia Uingereza, Waanglo-Saksoni na Waviking. Jamii moja ya nje ya Ulaya inatakiwa kusomwa, na shule inachagua kati ya Baghdad ya zamani za Kiislamu, Wamaya, na Benin ya Afrika Magharibi. Kwa mtoto wa Leeds huo ni mpango wa haki kabisa, maana ndiyo hadithi ya ardhi anayoikanyaga. Mtoto wa Capri Point akisoma hayo peke yake atafika miaka kumi na mmoja akijua ngome za Waroma na hajui watemi wa Usukuma, hajui Kilwa, hajui Maji Maji, hajui kwamba Julius Nyerere alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa ziwa hili hili, mwaka 1922. Shule za kimataifa zina uhuru wa kuongeza ya kwetu, na zinazofanya hivyo zinastahili sifa. Mzazi ana wajibu wa kuuliza kama yake inafanya, na ana wajibu mkubwa zaidi wa kufanya yeye.

Nyerere aliliona jambo hili mwaka 1967 alipoandika kuhusu elimu ya kujitegemea. Alilalamikia shule zinazomtoa mtoto katika jamii yake na kumfundisha kuidharau. Alikuwa akisema juu ya elimu tuliyoirithi kwa mkoloni. Leo hakuna mkoloni anayetulazimisha. Tunachagua wenyewe na kulipa wenyewe, na kwa sababu hiyo lawama haina mwingine wa kuibeba.

Vifaa vya kumfundisha mtoto mahali alipo tunavyo kwa wingi. Bujora, pale Kisesa, ipo makumbusho ya Wasukuma iliyoasisiwa na Padri David Clement. Kuna ngoma, viti vya enzi, nyumba ya jadi na habari za himaya zilizokuwa hapa, na mwezi wa Juni kuna sikukuu ya Bulabo, ambapo vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza. Daladala inafika. Jiwe la Bismarck na miamba yote inayoonekana kutoka barabarani ina umri unaozidi miaka bilioni mbili, na mtoto wa miaka sita anaweza kuushika kwa mkono wake umri huo. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kiasi ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960, yakaingia katika nyumba na mialo. Mzazi aliyekuwapo anaweza kusimulia alipokuwa maji yalipofika. Ng'ambo kidogo, Ukerewe, ndiko alikoishi Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya kubwa ya mume na mke wanaohangaika kupata mtoto, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980 ikiitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Sidhani kuna kitabu kingine kinachoeleza kwa kina namna hiyo jinsi watu wa kisiwa hicho walivyomngoja mtoto, walivyompokea na walivyomlea. Kiko kwa lugha yetu, na wazazi wengi waliosoma hapa Mwanza hawajawahi hata kukisikia.

Mtaala wa England una sharti moja ambalo ningetamani kila shule ya pwani ya ziwa ingelichukua kama lilivyo: mtoto akimaliza hatua ya msingi awe anaweza kuogelea angalau mita 25 na kujiokoa akiwa majini. Sharti hilo liliandikwa na nchi yenye mabwawa ya kuogelea yenye walinzi. Sisi tuna ziwa lililochukua watu wa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na likachukua zaidi ya watu 220 wa kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara mnamo Septemba 2018, mbali na watoto wanaozama mmoja mmoja wakienda kuchota maji au kuoga. Ziwani kuna kichocho, na kuna sehemu zenye mamba na viboko, kwa hiyo simwambii mtu amtupe mtoto majini. Nasema mzazi mwenye uwezo wa kulipia shule yenye bwawa ahakikishe mtoto anajua kuogelea kwelikweli, na shule zenye mabwawa zifikirie kuwafungulia watoto wa jirani siku ya Jumamosi.

Yapo mengine ambayo ni ya nyumbani moja kwa moja. Mtoto wa miaka mitano, kwa mtaala huo, anatarajiwa kuvaa mwenyewe, kwenda chooni mwenyewe na kunawa. Mtoto wa mwalo wa Kayenze amekwisha kuyajua, na zaidi ya hayo anatumwa gengeni na kurudi na chenji kamili. Mtoto wa nyumba yenye geti anavishwa soksi na dada, analishwa akiwa ameshika simu, na begi lake linabebwa mpaka kwenye basi. Kumpenda mtoto kwa namna hiyo kunamcheleweshea nguvu zake. Vilevile shule zinazofuata mtaala huo zimekatazwa na mwongozo wake kumchapa mtoto wala kumtishia kipigo. Mtoto anayeelezwa kosa lake kwa maneno asubuhi, kisha jioni anapigwa mkanda kwa kosa lile lile, anajifunza kwamba maneno ni ya mahali pa kulipia.

Kisha kuna bweni. Kanda ya Ziwa tulizoea kupeleka bwenini watoto wa darasa la kwanza, na hata wa awali, tukisema wafanyabiashara hawana muda na walezi wa kuaminika hawapatikani. Mwaka 2023 serikali ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wazazi wengi walinung'unika, na wapo waliotafuta njia za pembeni, kama kumpangishia mtoto kwa mwalimu karibu na shule. Kwa maoni yangu waraka ule ulikuwa sahihi na ulichelewa. Mtoto wa miaka sita anayeumwa usiku anahitaji mtu anayemjua kwa jina la nyumbani, na hakuna mlezi mmoja wa bweni lenye vitanda arobaini anayeweza kuwa mtu huyo kwa wote. Mwenye biashara isiyomruhusu kulala nyumba moja na mtoto wake aipunguze biashara, au amwite mama yake, shangazi au dada yake wakae pamoja, kama familia za hapa zilivyofanya siku zote.

Sitaki mzazi wa Mabatini au Igogo aliyesoma mpaka hapa aone kwamba habari hii haimhusu. Inamhusu kuliko wote, kwa sababu karibu kila kilicho bora katika miaka ile mitano ya kwanza hakiuzwi. Visoda vya kuhesabia vipo, mchanga wa kuandikia kwa kidole upo, vitendawili vipo na hadithi za sungura na fisi zipo. Zamani Usukumani wavulana na wazee waliota moto wa jioni pamoja, na pale ndipo kijana alipojifunza ukoo wake, mipaka ya mashamba na namna ya kumjibu mkubwa, na hakuna aliyelipa. Kinachotakiwa kwa mzazi wa leo ni kumjibu mtoto anapouliza, na kutomfukuza kwa kuwa tumechoka. Najua uchovu wa mama aliyesimama Mwaloni tangu saa kumi alfajiri ni uchovu wa kweli. Ndiyo sababu kazi hii ni ya baba pia. Baba anayerudi saa tatu usiku kutoka kwenye mpira wa vibandani hana haki ya kusema malezi ni ya mama.

Wajibu huu umeandikwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inamtaja mzazi, mlezi na yeyote mwenye kukaa na mtoto, na inaorodhesha anachodaiwa: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Elimu na mwongozo vimewekwa katika mstari mmoja, na mchezo umetajwa katika orodha moja na chakula. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, nayo imejengwa juu ya nguzo tano, ambazo ni afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi, na ujifunzaji wa awali. Ada ya shule inagusa nguzo moja kati ya hizo, na haiimalizi.

Mzazi mwenzangu, utakapokwenda kulipa muhula ujao, omba uonyeshwe mpango wa darasa la mwanao, uusome, na umuulize mwalimu ni yapi yatafanyika kwa mvua, mawe na watu wa Mwanza. Ukirudi nyumbani, kaa chini na dada wa kazi. Mpe ruhusa ya kuzungumza na mtoto kwa Kisukuma chake na Kiswahili chake, mfundishe kumjibu maswali, mpunguzie kazi za ndani ili apate muda wa kufanya hivyo, na mlipe vizuri, maana umemkabidhi sehemu kubwa ya siku ya mtoto wako. Kisha tenga muda wako mwenyewe katika kila siku, baba na mama, simu ikiwa mbali, na usimwachie mtu mwingine muda huo.